Vijana, hivi mboga za kilimo cha wima mnanunua kweli au mnaisifia tu?

Mchipuko_22:
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua wiki ya tatu sasa, naomba mawazo. Niko mwaka wa pili chuoni na kikundi chetu kimepewa kazi ya kuangalia vijana wanaionaje mboga iliyolimwa ndani, ile ya kilimo cha wima, yaani mashelfu yamepangwa moja juu ya jingine mpaka darini, taa za LED juu ya kila shelfu, mizizi iko kwenye maji yenye virutubisho au inapuliziwa ukungu, hakuna udongo na hakuna jua. Tukaandaa dodoso tukawagawia wenzetu. Karibu wote wakajibu safi sana, haina dawa, inaokoa maji, ningenunua.

Sasa jioni hiyohiyo nikatoka na wawili kati ya haohao tukapita dukani, na ile mboga ipo kabisa kwenye friji, wakaichukua, wakaigeuza pakiti, wakaisoma, wakairudisha, wakabeba ya kawaida. Hata dakika haikuisha. Na mimi pia nikabeba ya kawaida, na mimi ndo niliyeandika maswali na naiamini hii teknolojia kwa dhati, ndo maana imeniuma.

Kwa hiyo nauliza vijana wenzangu, mnanunua? Na kama hununui ni bei, ni ladha, au kuna kitu moyoni kinagoma ukisikia mmea haujawahi kuona jua? Semeni ukweli, msijibu kunifurahisha, majibu ya kunifurahisha ninayo tayari.

MzeeWaUdongo:
Mdogo wangu mimi umri wa dodoso lako umeshanipita ila nina vijana wawili nyumbani na nawasikia wakiongea. Hawajawahi kutaja bei kwanza. Wanasema inakaa kama kitu cha maabara. Na mimi nakubaliana nao, mmea mama yake ni udongo, ukiutoa kwenye udongo ukaulea kwa taa na maji ya chumvichumvi unapata jani zuri la kuangalia lakini najiuliza ndani kuna nini. Miaka yote nimelima na najua udongo mzuri ukiushika tu mkononi, kuna uhai mle ambao hakuna tanki litakupa. Vijana hawalimi siku hizi lakini hiyo hisia wanayo, msiwaone wajinga kwa sababu hawawezi kuieleza kisayansi.

FundiMaji:
Mzee wangu nakuheshimu na hilo la uhai wa udongo sibishi hata kidogo, vijidudu vya udongoni ni dunia nzima. Ila mzizi wenyewe haunywi udongo. Unanyonya madini yaliyoyeyuka kwenye maji, naitreti, potasiamu, kalsiamu na wenzake, na naitreti iliyotoka kwenye samadi ikishafika kwenye mzizi ni ileile iliyotoka kwenye tanki. Mwanga nao, jani linatumia zaidi mwekundu na wa bluu ndo maana sehemu nyingi wamefunga taa zinazotoa ile rangi ya zambarau.

Mchipuko, mimi nafanya kazi kwenye shamba la namna hii mwaka wa nne sasa, nipo upande wa mabomba na pampu. Na naomba niseme kitu ambacho nadhani ndo jibu la nusu ya swali lako. Sisi wenyewe tumejiuza vibaya. Picha tunazotoa ni watu wamevaa makoti meupe na glovu na barakoa, wamesimama kwenye mwanga wa zambarau. Tunafikiri tunaonyesha usafi, kumbe kijana anaona hospitali. Makoti tunavaa kwa sababu hatupigi dawa, mdudu mmoja akiingia na nguo ya mtu anazaliana mle bila adui, sasa ukiielezea hivyo mtu anaelewa na anafurahi, lakini kwenye pakiti hatuelezi, tunaandika teknolojia ya kisasa basi.

Halafu umeme, na hapa nitasema wazi kwa sababu vijana wanaojali mazingira wanauliza na wana haki. Maji tunaokoa kweli, yanazunguka yaleyale na tunatumia asilimia 90 na zaidi pungufu ya shamba la wazi. Ila jua ambalo mkulima anapewa bure sisi tunalilipia bili. Kwenye sensa ya kimataifa ya kilimo cha ndani ya 2021 mashamba ya wima yalitumia wastani wa uniti 38.8 za umeme (kWh) kwa kilo moja ya mazao, nyumba za vioo zinazotumia jua zilikuwa 5.4. Hesabu mwenyewe hiyo bei inaishia wapi. Ndo maana utaona letusi, mrehani na majani madogomadogo tu, vitu vinavyokomaa ndani ya wiki chache na unakula karibu mmea mzima. Ngano haiwezekani kibiashara, kuna watafiti walipiga hesabu 2020 wakaona ngano ya mashelfu kumi ingeweza kuvuna mara 220 mpaka 600 ya wastani wa dunia kwa hekta ileile, namba inatisha, na bado wakasema kwa gharama za nishati haiwezi kushindana sokoni.

Jani_Bichi:
Mimi nanunua, nina miaka 24. Sio kwa sababu ya sayari, nisidanganye. Nakaa peke yangu na mboga ya kawaida inaniozea siku ya tatu, hii inakaa na haina mchanga. Nikipiga hesabu ya ninayotupa bei inakaribiana. Hiyo tu.

DadaWaTakwimu:
Mchipuko mdogo wangu, tatizo lako la kwanza liko kwenye dodoso kabla hata hujafika dukani. Umeuliza "ungenunua?" bila kuweka bei, bila kuweka mboga ya pembeni ya kushindana nayo, na anayeuliza ni rafiki yao, nani atasema hapana? Hili la kusema ndiyo na kutokununua limeandikwa siku nyingi. Watafiti Vermeir na Verbeke walilifanyia kazi kwa vijana wa Ubelgiji, wakachapisha 2006, walikuwa wanaangalia bidhaa za maziwa zinazojali mazingira, na walichokuta ni kwamba mtu anaweza kuipenda bidhaa vizuri tu lakini kama anahisi haipatikani kirahisi nia ya kununua inabaki chini. Na upande wa pili ndo ulinigusa zaidi, kuna ambao wenyewe hawaipendi sana lakini wenzao wakiwa wananunua nao wanakuwa na nia ya kununua. Sasa rudi kwenye stori yako, mlikuwa watatu mbele ya friji, wa kwanza kairudisha, na nyie wawili mkafuata. Una uhakika mkono wako ulienda wenyewe?

Ungefanya hivi. Weka chaguo mbili mbili, kila mara pakiti mbili zenye bei tofauti, moja ya ndani moja ya shambani, mtu achague na awe na ruhusa ya kusema sichukui yoyote. Badilisha bei, badilisha maelezo, nyingine iandike "haijapuliziwa dawa", nyingine iandike "imelimwa kwa taa" tu. Hapo utaona ni kitu gani kinawasogeza. Na usiache suala la woga wa teknolojia kwenye chakula, kuna kipimo chake kabisa kilitengenezwa na Cox na Evans 2008, kina maswali yaliyojaribiwa, kitumie badala ya kubuni ya kwako. Anachosema Mzee hapo juu kinapimika na usikidharau, kuna watu bei hata uishushe vipi hawachukui.

Mboji_Tu:
Naongezea hapo kwenye lebo, vijana wengi wanachanganya haya mambo mawili. Wanaona "haina dawa" wanajua ni kilimo hai (organic). Inategemea uko wapi. Umoja wa Ulaya sheria inataka mazao ya kilimo hai yakue kwenye udongo ulio hai, kwa hiyo ya mashelfu hayapati nembo hata kama hayajawahi kuona dawa. Marekani ile bodi yao ya viwango vya kilimo hai ilipiga kura 2017 ikakataa kuizuia haidroponiki, yaani kulima kwenye maji bila udongo, kwa hiyo kule yanaweza kupata. Mtu akishajua kitu kilekile kina nembo huku na kule hakina, imani inapungua kote kuwili.

MzeeWaUdongo:
Mboji hapo umenena. Na fundi nimekuelewa kwenye naitreti, asante kwa kunijibu kwa adabu. Lakini hayo makampuni si ndo yanafungwa kila siku? Kijana atazoeaje kitu ambacho mwakani hakipo.

FundiMaji:
Ni kweli mzee wangu, na linaniuma kwa sababu hao ni watu wa kazi yangu. AeroFarms iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Juni 2023 ingawa yenyewe ilirudi, Bowery Farming ikafunga kabisa Novemba 2024, Plenty nayo ikaenda mahakamani Machi 2025. Walichukua mtaji mkubwa wakajenga haraka kuliko wateja walivyokuwa wanaongezeka, na umeme ukapanda katikati. Mteja aliyezoea pakiti yake anakuta shelfu tupu, anahama na harudi.

Mchipuko_22:
Nimesoma yote mara mbili. Dada umenishika pabaya, ndiyo nilikuwa wa tatu kurudisha pakiti. Juzi nikarudi peke yangu nikaichukua, nikala, ni tamu, laini kuliko niliyozoea ila harufu yake ndogo. Dodoso tumelitupa, tunaanza upya na pakiti mbili mbili, na wengine tutawahoji peke yao na wengine wakiwa kikundi tuone tofauti. Hata hilo wazo lenyewe la kulima hivi lilikuzwa na wanafunzi, nimesoma Profesa Dickson Despommier wa Columbia University 1999 alianza na darasa lake kwenye bustani za juu ya mapaa ya Manhattan, wakapiga hesabu wakaona chakula hakitoshi ndo wakawaza kuingia ndani ya majengo.

Fundi swali la mwisho, ule umeme wa kila kilo, nyie mnauandika kwenye pakiti?

FundiMaji:
Hatuandiki. Nililileta kwenye kikao nikajibiwa tukiandika tutaonekana wabaya kuliko wa shambani ambaye hajaandika chochote. Mimi bado naona iandikwe, pamoja na maji tuliyookoa, vyote pamoja. Kwenye zile pakiti zako mbili mbili weka moja yenye hiyo namba. Ukipata majibu niletee, nitayapeleka kwenye kikao mwenyewe.