Turbo inakata pumzi Mbeya, Chalinze inapona. Fundi anasema imekufa

MamaMchele
Wakuu, habari za kutwa. Nina pikapu ya dizeli yenye turbo, nafuatia mchele Mbeya karibu kila mwezi. Hapa Dar haina kesi. Shida inaanza nikishapita Mafinga: nakanyaga mafuta, nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo inachanganya, tena kwa moshi mweusi mpaka wa nyuma wananiwashia taa. Nikirudi, nikifika Chalinze imepona yenyewe, kama mtoto aliyesingizia tumbo asiende shule.

Fundi wangu kaisikiliza dakika mbili pale Tabata, akasema turbo imekwisha, nitafute milioni 1.2 ya turbo ya mtumba. Sasa turbo iliyokufa inafufukaje Chalinze? Shemeji naye anasema turbo haijui mlima, wanaoumia ni wenye Noah zisizo na turbo. Nimshike nani?

KijanaWaSinza
Dada, badilisha eakilina, yaani chujio la hewa, kazi imeisha. Na punguza mchele.

MamaMchele
Eakilina ni mpya, nimeweka juzi juzi. Mchele sipunguzi. Halafu kwenda Mbeya naenda na maboksi ya sabuni tu, na moshi ni uleule.

DerevaMstaafu
Mwanangu, nimepeleka lori Tunduma miaka 22, mlima Kitonga naujua kona kwa kona. Shemeji yako kasema nusu.

Hewa ya Dar ina mgandamizo wa bar 1 hivi. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, inabaki kama 0.82. Gari isiyo na turbo inavuta hiyo hiyo iliyopo, kwa hiyo karibu yote iliyopungua inatoka kwenye nguvu yake. Ndiyo maana Noah iliyojaa abiria inapanda Kitonga kwa gia ya kwanza na dua.

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, na kazi yake ni kuishindilia hewa. Tuseme injini yako inataka bar 1.8 ndani. Dar turbo inaizidisha hewa mara 1.8. Mbeya, ili ifike 1.8 ileile, inabidi iizidishe karibu mara 2.2. Hapo inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ya moto zaidi, intakula, ile inayoipoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini, inabeba mzigo mkubwa. Na kabla feni haijashika kasi, wewe na mwenye Noah mko sawa. Ndiko kule kuhesabu kwako moja, mbili. Kuchelewa kidogo ni halali ya mlima, usiogope.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1918 huko Marekani, mhandisi Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi juu ya Pikes Peak, mita 4,300 hivi, aijaribu na turbo, maana ndege ndizo zilizokuwa zikiishiwa pumzi angani.

Lakini moshi mweusi si halali. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Nijibu mawili. Ukitoka Makambako unashuka hadi Chimala, joto tupu: moshi unakatika? Na ukikanyaga, husikii mluzi?

MamaMchele
Shikamoo mzee. Chimala unapungua, haukatiki. Nikianza kupanda kwenda Uyole unarudi wote. Mluzi ninao, mimi nilidhani ni kioo cha dirisha hakifungi vizuri!

DerevaMstaafu
Marahaba. Basi hiyo si turbo, ni mpira unaotoa hewa kwenye turbo kwenda intakula, au ule wa kutoka intakula kwenda injini. Umepasuka mahali. Kipimo cha hewa kiko kabla ya turbo, kwa hiyo kompyuta ya gari inahesabu hewa iliyoingia, inamwaga dizeli ya kulingana nayo, kumbe sehemu ya hewa imetorokea njiani.

Dar turbo ina akiba, inafidia kinachovuja. Tena kwa foleni za Ubungo huiombi nguvu yote. Kule juu akiba yenyewe imeshatumika kuufidia mlima, tundu ndipo linapojitangaza. Injini ikiwa imepoa, fungua klempu, pinda mpira uangalie upande wa chini. Palipolowa mafuta na vumbi limeganda, ndipo.

MzawaWaIringa
Naongezea: baridi ya kwetu inasaidia. Hewa ya nyuzi 15 ni nzito kuliko ya Dar ya nyuzi 32 kwa asilimia 6 hivi. Haifuti mwinuko, ila asubuhi pale Ipogolo gari unaisikia iko tofauti na saa nane mchana.

KijanaWaSinza
Kwa hiyo eakilina haihusiki kabisa?

DerevaMstaafu
Inahusika ikiziba. Dada keshasema mpya. Soma kwanza, kijana.

MamaMchele
Wakuu, nimerudi. Nilienda kwa fundi mwingine, nikasimama palepale nikiangalia. Mpira wa chini wa intakula umechanika chini ya klempu, mpasuko wa kidole gumba, umelowa mafuta kama mzee alivyosema. Mpira, klempu mbili na ufundi, 120,000.

Ijumaa nimepanda Mbeya. Mafinga moshi hakuna. Mlima Nyoka nahesabu moja, kabla ya mbili imeshachanganya, na mluzi sijausikia tena. Kioo cha dirisha nacho kweli hakifungi vizuri, hayo nitayashughulikia siku nyingine.

Mzee, nikupelekee kilo ngapi, na unakaa wapi? Niandikie pembeni. Fundi wangu wa mwanzo kanipigia jana, anauliza kama hela ya turbo imetimia.