MREJESHO: Ncha ya katheta iliyokuwa inagoma kugeuka

Wakuu, niliuliza kwa nini ncha ya katheta yangu ya majaribio (mrija mwembamba wa kupitishwa ndani ya mishipa ya damu), inayovutwa na mota kwa nyuzi nne, inagoma kila nikibadili mwelekeo, kisha inaruka ghafla. Asanteni sana kwa majibu.

Aliyesema nianze na ulegevu wa nyuzi alipatia kabisa. Nilitoa mshipi wa nailoni, maana unavutika, nikaweka uzi wa kusuka wa wavuvi (hapa Mwanza haukosekani) na kuukaza kidogo kabla ya kuwasha mota. Baada ya hapo ndipo nikaongeza fidia kwenye programu: mwelekeo ukibadilika, mota inazunguka ziada kwanza kumaliza ulegevu uliobaki. Fuateni mpangilio huohuo, uzi kabla ya programu. Mrija ukiwa umenyooka, ncha inatii vizuri mno, nimefurahi!

Ukipinda njiani, shida inarudi. Msuguano unakua kwa kasi kadiri jumla ya pembe za mikunjo inavyoongezeka, hivyo fidia ya kiwango kimoja haitoshi, na ndani ya mishipa ya damu mikunjo haiepukiki. Bitana ya tefloni (plastiki telezi) ndani ya mrija imepunguza tu msuguano huo, haijaumaliza.

Ushauri wa kamera ya kusoma pembe ya ncha na kuirudisha kwenye programu bado sijaufanyia kazi. Naamini ndio utakaofaa, kwa sababu mota inajua imevuta uzi kiasi gani, haijui ncha imefika wapi.