Nataka buku langu! Muvi ya mateka wa vita imeharibiwa na mtafsiri

Wakuu, naandika hapa nimevimba kwelikweli. Kuna muvi ya zamani ya mateka wa vita, The Bridge on the River Kwai ya 1957, mzee wangu aliiona ujanani enzi watu wanavaa suti kwenda sinema, mpaka leo akisikia mtu anapiga mluzi lazima akutajie. Jana nikasema ngoja nimfurahishe, nikaenda kibanda cha muvi hapa mtaani, nikatoa buku, jamaa akaniwekea kwenye flashi. Chai ipo, karanga zipo, mzee kavaa na miwani.

Kumbe ni ya kutafsiriwa!! Mateka wa Kiingereza wanaingia kambini, buti zimetoboka, nguo matambara, mstari umenyooka wanapiga mluzi, na utamu wote upo hapo maana silaha hawana wamebakiwa na mluzi tu, sasa mtafsiri anaongea juu ya mluzi! Anamsalimia shemeji yake wa Mbagala. Mzee kanigeukia, kanyamaza.

Halafu muongo. Eti "hii ni vita ya Vietnam". Vietnam ipi wewe? Singapore ilianguka kwa Wajapani Februari 1942, mateka wakapelekwa kujenga reli ya Thailand kwenda Burma (Myanmar ya leo), kilomita 415, wakafa zaidi ya 12,000, na vibarua wa Kiasia, Watamil na Wamalay na Waburma, walikufa wengi kuliko hao mara kadhaa (hawa hata muvi yenyewe imewaruka, nitawafungulia uzi wao siku nyingine). Na huyo mzee unayemdanganya baba yake alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza huku kwetu), kapigana hukohuko Burma 1944!

Kanali Nicholson, mkubwa wa hao mateka, kafungiwa kibanda cha bati juani kisa kagoma maofisa wake kufanya kazi za mikono, wanamtoa, Alec Guinness, anayeigiza kanali, anatembea anajikaza, magoti hayamtii lakini kifua mbele, mtafsiri anacheka anasema "huyu kapiga gongo". Gongo jamani.

Nikavumilia nikijua mwisho upo. Makomando wametega baruti walipue daraja la reli walilojenga mateka, usiku maji ya mto yamepungua, asubuhi waya wa baruti uko nje nje, kanali kauona, treni inasikika inakuja, mzee kasogeza kiti... PAAP. Skrini nyeusi. Muvi ya dakika 161 nimekatiwa mwishoni kabisa! Na lile daraja walilijenga kweli kule Sri Lanka, wakalilipua na treni ya kweli juu yake, mimi nimeishia kuona namba ya simu ya kuagiza muvi.

Leo asubuhi nimerudi kibandani, jamaa hata hajaona aibu, ananiambia "broo ongeza jero nikupe part two".

Mwenye original isiyo na mtafsiri anicheki inbox, mzee kaniuliza mara tatu kama daraja limelipuka.