Mjadala: Deni la HELB lihesabiwe kwa kalenda ama kwa payslipu?

Wapwani wenzangu, msimu huu wa KUCCPS, wale wanaopanga watoto vyuoni, kila nyumba yenye mtoto aliyemaliza Form Four stori ni moja tu, kozi gani ina pesa, na hapa kwangu binti ameng'ang'ania kompyuta enjinia hataki kusikia kingine. Watu wamegawanyika. Kuna wanaosema mwache achukue, mambo ya kompyuta ndiyo yanalipa siku hizi na mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, atauzima upesi, na kuna wanaosema deni lote hilo la nini na fundi simu pale Mwembe Tayari hana digrii na jioni hakosi kitu mfukoni. Mie naona pande zote mbili zinaweka mshahara huku na deni kule halafu zinaruka ile miezi mtoto keshamaliza chuo na kazi hajapata. Hapo ndipo watu wanaumia.

Tuhesabu basi. Uhandisi ni miaka 5, sayansi ya kompyuta miaka 4, kwa hivyo enjinia anakopa mwaka mmoja zaidi na mwenzake huyo wa miaka 4 huenda ashaanza kushika mshahara. Chukua mwanafunzi wa mpango wa zamani, kabla ya 2023, aliyepata mkopo wa juu kabisa, 60,000 kwa mwaka, kwa miaka 5 ni laki tatu. Riba ni 4% kwa mwaka, yaani kama elfu 12 hivi mwaka wa kwanza, na benki gani itakupa riba hiyo, kwa hivyo anayesema HELB inatunyonya kwa riba mie sikubaliani naye. Lakini tazama faini. Ukimaliza masomo unapewa mwaka mmoja, ukiisha unatakiwa uanze kulipa uwe na kazi usiwe nayo, na kila mwezi unaokosa ni faini ya 5,000. Kwa mwaka ni elfu 60! Baada ya hapo kijana akikaa nyumbani mwaka mwingine akipeleka barua za kazi, faini peke yake inafika mkopo aliopewa kusoma mwaka mzima, na deni lenyewe halijapungua hata shilingi. Juu ya hayo jina linaenda CRB, wanaoweka rekodi za wakopaji, na kazi za serikali nazo zinaitisha cheti cha HELB cha kuonyesha hudaiwi, sasa aliyekosa kazi akashindwa kulipa anafungiwa mlango wa kazi ambayo ingemsaidia kulipa.

Na hiyo ni hesabu ya zamani. Tangu 2023 walipoleta bendi, yaani makundi ya kipato cha familia, gharama ya kozi inagawanywa skolashipu, mkopo na mfuko wa mzazi, na uhandisi si kozi rahisi, kwa hivyo ukiwekwa bendi isiyokufaa mzigo unakuwa mwingine kabisa. Mahakama Kuu Disemba 2024 ilisema mpango huo unakiuka katiba, serikali ikakata rufaa, sisi wazazi tuko hapo katikati tunajaza fomu.

Huku kwetu kuna jambo jingine linaniuma sana. Nyaya za baharini za intaneti zinatua hapa Mombasa, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, bandari iko hapa, chuo kikuu cha ufundi TUM kiko Tudor tangu enzi kikiitwa MIOME, lakini mtoto akimaliza anaambiwa kazi ziko Nairobi, kwa hivyo mshahara wa kwanza unagawana na kodi ya nyumba ya huko. Tuseme analipwa 50,000. SHIF ya bima ya afya ni 1,375, makato ya nyumba za serikali 750, hujagusa PAYE ya kodi na NSSF ya uzeeni, halafu HELB nayo inakatwa hapo hapo. Bado anabaki na kitu, sikatai, na ndiyo maana nasema digrii inalipa kama mshahara upo.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: deni lianze kudaiwa payslipu ikianza. Australia wanafuata kipato tangu 1989. Uingereza, walioanza chuo kuanzia Agosti 2023 wanakatwa 9% ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, ukiwa chini ya hapo hukatwi kitu.

Kuna ndugu amenijibu kwamba tukifanya hivyo hakuna atakayelipa, na pesa ya HELB ndiyo hiyo hiyo inayozungushwa kwa watoto wanaofuata. Hoja yake ni nzito. Lakini KRA, watu wa kodi, wanaona PIN ya kila aliyeajiriwa, huyo wa payslipu hana pa kujificha. Shida iko kwa vijana wanaopiga kazi za mtandaoni na kulipwa kutoka nje, kuwashika hao ni kazi, nakubali, ila si haki asiye na kitu atozwe 5,000 kila mwezi kwa sababu mwenzake anaficha.

Binti yangu nimemwambia kwanza tuulize kama kozi imeidhinishwa na EBK, bodi inayosajili mainjinia, maana bila hiyo hawamsajili kama enjinia, na hapo mwaka wa tano sioni wa nini. Nyinyi mliosoma enjinia, mlikaa miezi mingapi kabla ya mshahara wa kwanza, na kuna aliyewaandikia HELB kuwaambia hana kazi wakamsimamishia faini?