Dalali uliyeniambia "lita moja kilomita 28", njoo hapa, nina risiti za sheli

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Huu ni mwezi wa tatu naendesha kigari cha silinda tatu, cc haifiki hata 1000, nilichochukua kwenye yadi moja hapa Dar. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Maneno ya dalali siku ile nayakumbuka yote: "Braza, hii mafuta inanusa tu. Lita moja kilomita 28. Ukijaza tenki unasahau sheli iko wapi." Akanizungusha hadi nyuma, akagonga kioo kwa ukucha: "Ona nyota nne hizo. Mjapani hagawi nyota nne hovyo."

Nyota nne nikaziona kweli. Kijapani sijui. Nikalipa.

Sasa tupige hesabu. Nimejaza tenki kwenye sheli ya Rangi Tatu, pampu ikajikata yenyewe, nikarudisha trip (kihesabu cha kilomita) kwenye sifuri. Nikaishi maisha yangu: Mbagala, Posta, kurudi, foleni ya Kilwa Road kama kawaida. Kujaza tena pampu ile ile: kilomita 301, lita 27.4. Gawanyeni wenyewe. Kumi na moja! Nikahisi nimekosea, nikarudia: kilomita 288, lita 25.1. Kumi na moja na ushee. Nikaenda kwa fundi, akabadili plagi, akasafisha filta ya hewa, akajaza tairi upepo, akapima kwa mashine. Gari ni nzima. "Mbovu ni hiyo namba uliyouziwa," akasema, na hela yangu akachukua.

Usiku nikapiga picha ile stika, nikaitafsiri kwa simu. Wakuu, nyota nne ni za MOSHI. Maana yake gari inatoa hewa chafu kidogo, pungufu kwa asilimia 75 ya kiwango cha Japani cha 2005. Stika ya mafuta ni ile ya chini yake, nayo inasema tu gari imevuka lengo la serikali yao kwa asilimia 20. Kilomita haijatajwa hata moja! Nimeuziwa mafuta kwa cheti cha moshi.

Na hiyo 28 haikutoka barabarani. Gari inapandishwa kwenye mtambo ndani ya maabara, tairi zinazunguka palepale, inaendeshwa kwa ratiba ya sekunde kwa sekunde, AC imezimwa, hakuna kilima, hakuna daladala inayokuchomekea. Kipimo cha zamani cha Wajapani, kinaitwa 10-15, injini inaanza ikiwa tayari ina moto na spidi haizidi 70. Baadaye wakaleta kingine, JC08, kigumu kidogo. Toyota Aqua ilipotoka mwishoni mwa 2011 ilitangazwa kwa namba mbili: kilomita 40.0 kwa 10-15, kilomita 35.4 kwa JC08. Gari moja, siku moja! Umebadilishwa mtihani tu, kilomita nne na nusu zimeyeyuka. Hapo hakuna aliyedanganya. Waliodanganya ni wengine: 2016 Mitsubishi walikiri kuchezea data za vipimo za magari madogo kama 625,000, mengi yake yakiuzwa kwa jina la Nissan.

Kosa la pili ni langu. Kwa uchungu nikanunua kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani, 45,000, eti "kinaifundisha kompyuta kubana mafuta". Wiki mbili, kumi na moja ile ile. Nikakifungua kwa bisibisi: taa tatu, kitufe kimoja, kibao kidogo. Fundi umeme akanionyesha pini za kuongea na kompyuta ya gari: hazijaunganishwa popote. Kinakula umeme wa kuwasha taa, basi. Wamarekani kupitia EPA, shirika lao la mazingira, wamepima vitu vya aina hii zaidi ya 100, zikiwemo sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, hawakupata hata kimoja kinachopunguza ulaji kwa kiwango cha maana. Nami nilikuwa nimeshaulizia bei ya sumaku.

Najua kuna atakayekuja na "wazungu wana gari ya kilomita 5,000 kwa lita, wanaificha". Haijafichwa. Inaitwa PAC-Car II, ya wanafunzi na wahandisi wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, 2005, kilomita 5,385 kwa nguvu iliyo sawa na lita moja ya petroli. Inatumia haidrojeni, ina uzito wa kilo 29, dereva analala chali peke yake, mwendo kama 30 kwa saa. Panda nayo Kilwa Road na gunia la mkaa kwenye buti uone.

Na shemeji yangu dereva wa fuso, tafadhali acha kunishauri nishuke mlima Kitonga na free, yaani gia nimeitoa, "kubana mafuta". Gari za EFI, zile ambazo kompyuta ndiyo inapima mafuta ya injini, ukiachia pedeli ya mafuta ukiwa kwenye gia, kompyuta inakata mafuta, tairi ndizo zinazozungusha injini. Ukiweka free injini lazima inywe ili isizime, na breki unazichoma wewe.

Nisionekane mwongo na mimi: nilikwenda Morogoro na kurudi, spidi 80 hadi 90, AC nimezima, peke yangu. Kilomita 392, lita 21.8. Hiyo ni karibu 18, na naipongeza. Lakini mimi siishi kwenye barabara ya Morogoro, naishi kwenye foleni, gari imesimama, injini inanguruma, kilomita sifuri. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, wakitoa bei mpya natazama simu kama nasubiri majibu ya hospitali.

Aliyewahi kupata 28 ndani ya Dar alete risiti mbili za sheli moja na picha ya odometa. Maneno matupu sitaki. Dalali, najua umo humu, una akaunti mbili. Kile kifaa bado ninacho, taa zake tatu zinawaka vizuri tu. Mwenye mtoto wa kuchezea aje PM, bure.