Gari jipya linagongagonga ndani: nilirudishe kwa muuzaji, nilipeleke kwa fundi, au nitafute mwenyewe?

Mkazi_Section58 (Nakuru)

Wadau, habari za jioni. Naombeni ushauri, maana jambo hili limeninyima raha ya gari nililoliwekea akiba miaka mingi.

Nilinunua gari jipya kabisa, sifuri kilomita, miezi minne iliyopita. Sasa lina kilomita 6,200. Kila wiki natoka Nakuru kwenda Kisumu kikazi na kurudi. Injini safi, giaboksi safi, mafuta linakula kidogo. Tatizo ni kelele mbili. Ya kwanza ni tik-tik-tik kavu, kama mtu anagonga ukucha juu ya plastiki, upande wa abiria mbele, pale dashibodi inapokutana na kioo. Huanza mwendo ukiwa 40 hadi 60 kwenye lami yenye viraka. Ya pili ni du-du, nzito kidogo, huko nyuma, nikipita matuta au mashimo. Kuna jambo silielewi: asubuhi nikitoka hapa Nakuru hiyo tik-tik hunifuata mpaka Kericho, nikifika Ahero imenyamaza. Jioni nikirudi, nikikaribia Mau Summit inaanza upya.

Nimelirudisha kwa aliyeniuzia mara mbili. Mara zote wamelizungusha dakika kumi na kuniambia hawakusikia kitu. Wamelijaribu saa saba mchana, jua limewaka, kwenye lami laini.

Sasa niko njia panda. Naweza kurudi mara ya tatu nidai haki yangu ya waranti. Naweza kulipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini aliyesema atafungua dashibodi yote kwa shilingi 8,000. Au ninunue tepu ya feliti (ile ya kitambaa laini kama sufi, yenye gundi nyuma) nitafute mwenyewe Jumamosi. Waliopitia haya, mlifanyaje?

FundiMstaafu_Kondele (Kisumu)

Ndugu, pole. Nimefungua na kufunga magari miaka 31, nami nakuomba sana: asifungue mtu dashibodi yako kabla kelele hiyo haijazimwa kwa kidole. Dashibodi za siku hizi zimeshikwa kwa klipu za plastiki. Ukizing'oa, nyingine huvunjika masikio, na gari lililokuja na kelele moja linaondoka na tano.

Tenganisha kwanza aina ya kelele. Ipo ya kugongana: tik, ka, du. Maana yake kuna nafasi kati ya vitu viwili, na dawa ni kuijaza. Ipo ya kusuguana: nyii, krii. Hiyo ni vitu viwili vimebanana vikiteleza, na ukijaza hapo unaongeza taabu; unavilainisha au unaweka kitambaa katikati. Yako zote mbili ni za kugongana.

Hiyo habari ya kelele kusikika kwenye baridi ya juu na kunyamaza kwenye joto la Ahero ndiyo ushahidi wako mkubwa, na nashangaa hao waliolijaribu mchana hawakukuuliza. Plastiki hunywea kwa baridi na kutanuka kwa joto kuliko chuma, tena kwa mara kadhaa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Mau Summit juu zaidi, huku kwetu ziwani ni kama 1,130. Unaposhuka Ahero plastiki imepata joto, imetanuka, imejibana yenyewe. Kwa hiyo usihangaike kuitafuta mchana. Itafute alfajiri, gari likiwa limelala nje.

Kabla hujagusa tepu, toa kila kisichofungwa: jaki, spana ya magurudumu, sarafu, chaja, miwani, chupa, hata viegemeo vya kichwa vya viti vya nyuma. Pima pia upepo wa tairi, gari likiwa halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari mapya husafirishwa tairi zikiwa zimejazwa kupita kawaida, na mengine huwekewa vipande vya kuzuia springi zisicheze melini. Aliyeandaa gari akisahau kupunguza upepo au kuvitoa, gari hupiga kila kishimo kama mkokoteni.

Kisha mtu mwingine aendeshe, wewe ukae kiti cha abiria. Bonyeza sehemu moja kwa kiganja, hesabu hadi kumi, achia. Kelele ikinyamaza na kurudi unapoachia, uko karibu. Bandika hapo tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, rudia barabara ileile kwa mwendo uleule. Na usiliamini sikio peke yake. Kioo cha mbele hurudisha sauti kama ukuta. Kitu kilicho juu, karibu na paa, husikika kama kiko chini kwenye dashibodi.

Mama_Kiamunyi (Nakuru)

Mimi nasema arudi kwa muuzaji, ila aende akiwa amejipanga. Nami niliambiwa "hatusikii kitu" mara mbili. Mara ya tatu nilifanya tofauti. Nilimwomba binti yangu arekodi video tukiwa njia ya Njoro, spidi ikionekana. Niliacha gari kwao usiku kucha ili walijaribu asubuhi likiwa baridi. Nilikataa kukabidhi ufunguo nikakae kwenye kochi. Nilisema fundi wao apande nami, niendeshe mwenyewe hadi panaposikika. Na kabla ya kuondoka nilihakikisha lalamiko langu limeandikwa kwenye karatasi ya kazi pamoja na tarehe na kilomita, hata kama hawakupata kitu. Karatasi hiyo ni muhimu sana: waranti ikiisha kesho, wewe una ushahidi kwamba ulilalamika ndani ya muda.

Kilichokutwa kilikuwa mpira wa kuzuia boneti, ule unaozungushwa kama skrubu, umekaa chini mno. Kazi ya dakika mbili, na sikutoa hata shilingi.

Ndugu, ukianza kubandika na kupaka mwenyewe, kesho watakuambia umevuruga. Waranti ni mali yako, umeilipia.

Dereva_Mbale (Vihiga)

Mama, nakuheshimu, lakini wengi wetu hatuna muuzaji wa kurudi kwake. Gari langu ni jipya kwangu tu: limetoka Japani likiwa na miaka saba, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu yaliyopita miaka minane. Likinung'unika, ni mimi na fundi.

Ndiyo maana mimi nasimama na fundi, ila si wa kufungua dashibodi. Langu lilikuwa likitoa zzzzz kama nyuki ndani ya kopo, nikikanyaga mafuta kidogo kwenye foleni, pale Luanda ya huku Vihiga. Nilidhani redio. Fundi aliniambia nisimame, niweke N (gia huru), nipandishe mzunguko wa injini polepole. Kelele ikaja ikipita 1,500, ikapotea ikipita 2,000. Akasema kelele inayofuata mzunguko wa injini na si barabara, itafute chini. Lilikuwa bati la kukinga joto la ekzosi, limekatika pale boliti inapopita kwa kutu. Alilizungushia klipu kubwa ya chuma, ile ya kufungia paipu, akakaza. Shilingi 500 na kazi yake. Mwaka wa pili sasa.

Mwalimu_Maseno

Ninaunga mkono kujitafutia, na nina njia inayofaa milango hasa. Simamisha gari mahali tulivu, zima injini. Pakua programu ya simu inayotoa mlio wa hezi (mitetemo kwa sekunde) unazochagua moja moja, iunganishe na redio, anza na 30 panda polepole hadi 200. Spika za milango zitatikisa kila kilicholegea. Kwangu mlango wa nyuma kushoto uliitika kwenye 85 hivi, nikaweka kiganja juu ya kitasa cha ndani, kimya. Ilikuwa fremu ya kitasa.

Kuhusu vifaa, nimejaribu vingi na niseme wazi vinavyodumu. Tepu ya feliti inashinda vyote kwa plastiki juu ya plastiki. Haikauki wala haikatiki. Sponji yenye gundi ni nzuri ndani ya mlango, mahali ambapo nafasi ni kubwa, lakini ile ya bei rahisi gundi yake huyeyuka kwa jua la Kisumu na kuteleza ikiacha uchafu mweusi. Waya zinazogonga nyuma ya plastiki zifungwe tepu ya kitambaa, ile inayokuja na gari kiwandani. Gundi ya moto, ile ya bastola, achana nayo: gari likifungwa juani inalainika. Supagluu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu siku ukitaka kufungua, unavunja.

Kwa mpira wa milango unaolia nyii, paka grisi ya silikoni kidogo sana kwa kitambaa. Usipake vaselini wala oili. Mafuta ya jamii ya petroli huvimbisha mpira wa aina hiyo.

FundiWaya_Kakamega

Naongeza jambo moja, naomba lisipuuzwe. Magari mengi mapya yana mifuko ya hewa (ile inayofumuka kwenye ajali) ndani ya nguzo za kioo cha mbele na ukingoni mwa paa. Usichomeke sponji, kitambaa wala karatasi nyuma ya plastiki za nguzo hizo. Ukikuta soketi ya rangi ya manjano, hiyo ni ya mfuko wa hewa. Usiichomoe wala usiipime kwa taa ya majaribio. Mwenye lazima ya kufungua hapo azime gari, atoe terminali ya betri na asubiri dakika kadhaa kwanza. Kwa gari lenye waranti, mahali hapo pawe kazi ya muuzaji tu.

FundiMstaafu_Kondele (Kisumu)

Asante, fundi, umenikumbusha nililopaswa kuanza nalo.

Ndugu wa Section 58, turudi kwa hiyo du-du ya nyuma. Toa ule ubao wa kufunika mizigo kwenye buti, endesha siku moja bila huo. Ikinyamaza, ni vijipira vyake. Ikibaki, jaribu mambo mawili. Pita tuta ukiwa umegusa breki kidogo sana: ikinyamaza, ni brekipedi au pini zake. Halafu tafuta barabara ya murami, pita gurudumu la upande mmoja tu likiingia shimoni. Tuta huinua magurudumu yote mawili pamoja, kwa hiyo stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, hailemewi. Shimo la upande mmoja huipinda. Ikigonga zaidi hapo kuliko kwenye tuta, ni linki au bushi za stabilaiza. Na hiyo usiiguse wewe. Mambo ya ndani tunaweza kubishana, lakini chini ya gari jipya Mama wa Kiamunyi yuko sahihi kabisa.

Mkazi_Section58 (Nakuru)

Wadau, nimerudi na majibu baada ya wiki mbili, na nawashukuru kwa moyo.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulitoka na mke wangu, yeye kwenye usukani, tukaelekea Lanet. Gari lilikuwa limelala nje, kioo kina umande. Tik-tik ikaanza. Nilibonyeza dashibodi yote kipande kwa kipande, kuanzia tundu la hewa la kulia hadi la kushoto. Hakuna kilichobadilika. Nilibandika tepu mwanya wote wa chini ya kioo. Hakuna. Tukageuza, nikakumbuka maneno ya fundi kuhusu kioo kurudisha sauti. Nikainua mkono, nikashika kile kifuniko cha plastiki nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, kinachoficha waya na kihisi cha mvua. Kimya. Nikaachia: tik-tik-tik. Nilirudia mara nne, mke wangu akaanza kucheka kila inaponyamaza. Dashibodi haikuwa na kosa lolote, na ningelipa 8,000 ifunguliwe.

Kifuniko chenyewe ni nusu mbili zinazoshikana kwa meno madogo. Katikati palikuwa na upenyo ambao kadi ya simu ingepita. Niliweka vipande viwili vya feliti, kila kimoja upana wa kucha. Roli nzima ilinigharimu shilingi 350 na imebaki karibu yote.

Ya nyuma nilifuata mpango. Bila ubao wa buti bado iligonga, kugusa breki hakukubadilisha kitu, shimo la upande mmoja likaifanya igonge zaidi. Nilirekodi, nikalilaza gari kwa muuzaji, asubuhi nikampandisha fundi wao kiti cha nyuma. Hatukufika hata nusu kilomita, akasema mwenyewe, "Nimesikia." Nati ya linki ya stabilaiza, nyuma kulia, haikuwa imekazwa kwa kipimo. Wameikaza, wamekagua na ya upande wa pili, wameandika kwenye karatasi. Juzi nimeenda Kisumu na kurudi, redio imezimwa njia nzima ili nisikie.

Dereva_Mbale (Vihiga)

Hongera sana. Hicho kifuniko cha juu ulikifunguaje? Langu linatoa mlio kama huo nikipandisha Kakamega asubuhi, na naogopa kukivunja.

Mkazi_Section58 (Nakuru)

Usikifungue hiyo asubuhi yenyewe. Plastiki ikiwa baridi ni kavu, meno yanakatika. Mimi nilisubiri saa sita, gari limekaa juani kama saa moja hivi, vioo vimefungwa. Nikaingiza kucha za vidole gumba kwenye mshono wa chini, nusu moja huku na nyingine huku, nikavuta taratibu bila kutumia bisibisi. Nusu ya kushoto ilitoka kwanza. Angalia ndani kama kuna waya uliobanwa ukingoni kabla ya kurudisha. Wangu ulikuwa umekaa juu ya jino moja, na nadhani ndio uliozuia nusu hizo zisikutane tangu kiwandani. Kwa gari lako, nusu ya upande wa dereva inaweza kuwa ndiyo ya kwanza kutoka, kwa hiyo jaribu pande zote mbili kabla ya kuongeza nguvu.