Mrejesho: maji kugoma kuzama kwenye mteremko ulioungua

Wakuu, niliuliza kwa nini mvua ya kwanza baada ya moto iliteremka yote na udongo wangu badala ya kuzama. Mlinishauri nipangue majivu, nidondoshee maji. Nimefanya. Tone lilikaa juu ya udongo mkavu kama shanga, zaidi ya dakika moja! Nilipochimba sentimita chache na kudondoshea tone jingine, likanywewa papo hapo. Kumbe nta ya majani yaliyoungua hugeuka mvuke, hushuka na kugandia chembe za udongo.

Nimetandaza nyasi kavu na kulaza magogo yakikingama mteremko. Gogo moja sikulifukia vizuri udongoni (uvivu wangu). Maji yakapenya chini yake yakachimba mfereji wa kina cha kiganja. Magogo mengine yamenasa tope. Penye nyasi, udongo haujahama.